Kimbunga Kenneth 2019: ni dua zilizoiokoa Mtwara, au upepo ulijipitia njia yake?

#1 MwanaChuno
Wakuu salaam. Nalileta hili tulijadili kwa adabu, wa msikitini na wa kanisani.

Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza kwamba Kimbunga Kenneth kinaelekea pwani yetu. Mtwara tukaambiwa tujiandae. Shule zikafungwa, maofisi yakafungwa, watu wa bondeni na wa ufukweni wakahimizwa wapande sehemu za juu. Nilikuwa Chuno na familia. Usiku wa kuamkia Ijumaa msikitini kwetu kilisomwa kisomo kizito, na jirani zetu walokole nao walikesha wakiomba, hadi ukawa hujui sauti hii inatoka wapi na ile inatoka wapi. Kulikucha tuna manyunyu na upepo wa kawaida tu. Kenneth kaingia Msumbiji.

Mimi nasema wazi: Mwenyezi Mungu alitukinga kwa dua zile. Mwenye maelezo mengine ayalete, lakini asije na kejeli.

#2 PwezaMkavu
Amina. Mama yangu hadi leo akisikia radi anataja tarehe ile.

#3 NjeYaRuvuma
MwanaChuno, sina kejeli, nina uchungu. Shangazi yangu kaolewa Macomia, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Ni Mmakonde kama wewe, anaswali kama wewe, na usiku ule alikuwa na tasbihi mkononi kama mama wa PwezaMkavu. Nyumba yake iliondoka bati na kuta. Macomia yote ilikuwa hivyo.

Sasa ukisema dua zetu zilikigeuza kile kimbunga, unamaanisha zilikigeuzia kwa nani? Kwa shangazi yangu. Ndipo ninapokwama. Shukuru kadiri upendavyo, nami nashukuru kwamba watoto wangu walikuwa Magomeni ya Mtwara wakalala salama. Ila usiniambie wa kule hawakuomba.

#4 FundiMashua
Assalaam alaykum. Swali la #3 ni zito, tusilipite haraka.

Sisi Waislamu tuna aya, Surat Tawba ya 51: halitatusibu ila alilotuandikia Mwenyezi Mungu, naye ni Mlinzi wetu. Angalieni vizuri. Aya haisemi halitatusibu jambo lolote, inasema litakalotusibu ni lililoandikwa. Aliyebaki na nyumba na aliyeondokewa na nyumba wote wamo ndani ya aya hiyohiyo. Kwa hiyo MwanaChuno ashukuru, lakini asifanye kusalimika kwake kuwa cheti cha uchamungu.

#5 Nyuzi10Kusini
Naomba niseme la hewa, maana hapa watu wanazungumza kana kwamba kimbunga kilikuwa kimefika getini kikarudi.

Kimbunga cha bahari kinahitaji maji ya moto na mzunguko wa dunia ukisaidie kujisokota. Karibu na ikweta msaada huo ni mdogo. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini, yaani ukingoni mwa eneo ambalo vimbunga huweza kuishi. Njia yake inasukumwa na migandamizo mikubwa ya hewa inayokizunguka. Kenneth alipita kaskazini ya Komoro, akasukumwa magharibi na kusini kidogo, akatua kaskazini ya Pemba ya Msumbiji, kama kilomita 200 kutoka hapa, na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Hakuna kimbunga chenye nguvu zaidi kilichowahi kupimwa kikitua Msumbiji kabla yake.

Watabiri hawachori mstari mmoja, wanachora eneo pana ambalo kimbunga kinaweza kupita popote ndani yake. Mtwara ilikuwa ndani ya eneo hilo, Macomia pia. Sehemu moja ikapatwa.

#6 KoroshoGhafi
Tatizo TMA walitutisha bure. Pwani ya Tanzania haijawahi kupigwa na kimbunga tangu dunia iumbwe. Ni hewa tu za redioni.

#7 MjukuuWaLindi
KoroshoGhafi, futa hiyo. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Watu walikufa. Babu yangu alikuwa kijana Lindi mjini, na hadithi ya minazi iliyolala upande mmoja tumekua nayo. Na kabla ya hapo Unguja ilipigwa Aprili 1872, kikavunja merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu kisiwa kizima hivi.

Mnaosema pwani hii ina kinga ya kudumu, babu zetu wa 1952 walikuwa hawaombi?

#8 KoroshoGhafi
Sawa ya 1952 nimeichukua. Lakini sherehe za kufunga ofisi zile, sisi wa maghala tuliumia.

#9 MwalimuWaNdanda
Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenzangu assalaam alaykum.

Namjibu NjeYaRuvuma kutoka upande wetu. Matendo ya Mitume sura ya 12 ina jambo ambalo mahubiri mengi yanalirukia. Tunapenda kusimulia Petro alivyofunguliwa minyororo na malaika gerezani, kanisa likimwombea. Sawa, ni kweli. Lakini mwanzo wa sura hiyohiyo, mstari wa 2, Herode alimwua Yakobo ndugu wa Yohana kwa upanga. Wote ni mitume. Bwana ni mmoja. Mmoja katolewa, mwingine kachinjwa, na Luka hatoi sababu hata nusu mstari.

Jingine ni Zaburi ya 91, ile ya aketiye mahali pa siri pake Aliye juu. Naipenda, imebandikwa mlangoni kwangu. Lakini mkumbuke ni nani aliyeinukuu kwa Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua. Alikuwa Ibilisi, Mathayo 4. Na Yesu akajibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Anayeambiwa ahame bondeni akajibu "Mungu yupo" huku amekaa, ajiulize anasimama upande gani wa kinara kile.

#10 Saa_ya_Msikiti
Nina sahihisho dogo la saa. Kenneth alitua Msumbiji jioni ya Alhamisi tarehe 25. MwanaChuno anasema kisomo kilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa maana hiyo wakati mnasoma, kimbunga kilikuwa tayari kiko nchi kavu kwa jirani. Dua ilifika baada ya jambo kwisha.

#11 MwanaChuno
Saa_ya_Msikiti, watu walianza kuomba tangu tangazo la kwanza, siyo usiku ule tu. Nimetaja ule kwa kuwa ndio niliokuwepo. Na hata hivyo, Mungu anayejua nitakachoomba usiku hawezi kukijibu jioni? Yeye hafungwi na saa yetu ya ukutani.

Kwa NjeYaRuvuma: pole sana ndugu yangu. Sikumsahau mtu wa ng'ambo. Sisi mpaka ule tunauona kwenye ramani, kwenye misiba hatuuoni.

#12 Nahodha_wa_Dau
Nimesoma yote kimya. Mimi ni wa baharini, Msimbati, nitasema la kwangu.

Kuna siku tulitoka na mashua kuelekea mwamba wa nje, kusi imeanza kuingia, mashine ikazima. Tukapiga kamba mpaka mikono ikachubuka, kimya. Mkondo ukatubeba kusini. Giza likaingia. Kijana mmoja akaanza kulia kwa sauti, wengine wanatapika. Mimi nikashika ile dua ya Nabii Yunus tumboni mwa samaki, la ilaha illa anta, mpaka ulimi ukakauka. Sikuwa nasoma kama mtu wa darasani. Nilikuwa nasoma kama mtu anayeshikilia kamba.

Karibu na alfajiri tukaona mwanga wa karabai. Wavuvi wa dagaa, si watu wa kwetu hata, walikuwa wamechelewa kurudi kwa sababu samaki walikuwa wengi. Wakatufunga wakatuvuta.

Mtu akiniambia ni bahati, simpigi. Ila najua nilimwita nani na nani alikuja. Na mtoto wa mama yangu mkubwa alitoka mwaka mwingine, mtu wa swala tano, hajarudi hadi leo. Sijawahi kumwambia mama yake kwamba mwanawe hakuomba vizuri. Anayeweza kusema neno hilo mbele ya mama yule, aje Msimbati nimwonyeshe nyumba.

#13 PwezaMkavu
Nahodha, umenitoa machozi ofisini.

#14 NgomaMbili
Mnazungumza kinga, mmesahau historia ya huku kwetu, Vita vya Maji Maji? Kinjekitile wa Ngarambe, Kilwa, aliwapa watu maji akawaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji. Watu wakaamini kwa moyo wote, wakaenda kifua wazi mbele ya bunduki za mzinga. Imani haikuwa na upungufu. Risasi hazikugeuka. Kwa hiyo kuamini sana peke yake si ushahidi wa chochote.

#15 Umatumbi_Asili
NgomaMbili, Ngarambe ni upande wa Rufiji, siyo Kilwa. Kilwa ni Nandete, huko Umatumbini, ndiko pamba iling'olewa Julai 1905 vita vikaanza. Na Kinjekitile hakuviona vita vyenyewe, alinyongwa Mohoro Agosti 4, mwaka huohuo, mwanzoni kabisa. Vita vikaendelea hadi 1907, na waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Tena usiwafanye wazee wetu wajinga wa maji. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa kiboko. Maji yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na jeshi moja. Hiyo nayo ni kazi.

#16 MwalimuWaNdanda
Umatumbi_Asili ahsante. Niongeze la upande wa pili wa vita vile, maana mizani inataka pande zote. Agosti 14, 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuwa wanasali kila saa ya siku. Hawakuokolewa.

Aliyekunywa maji alikufa, na askofu mwenye msalaba alikufa, wiki zilezile, nchi ileile. Mimi Mkatoliki siwezi kumcheka mwenye maji halafu nikamwita askofu shahidi bila kueleza tofauti. Naiona tofauti hivi: mmoja aliahidiwa kwamba hatakufa, mwingine hakuahidiwa. Vijana wa Danieli sura ya 3 walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo", hatutaiabudu sanamu yako. Kwangu imani yote ya kuokolewa imekaa kwenye maneno hayo. Mtu akiyaondoa, kilichobaki ni mapatano ya biashara.

#17 DunguLaBibi
Wa Lindi vijijini hapa. Mnazungumza kimbunga cha siku moja, sisi tumekua na simba. Wakati wa mavuno bibi analala shambani kwenye dungu kulinda mtama na nguruwe. Anasoma Ayatul Kursi pande nne, anatemea mate kidogo kila upande, analala. Jirani yake naye alikuwa akisoma. Jirani alichukuliwa usiku, bibi akabaki. Bibi alikuwa akisema ni siku yake haijafika, hakuwahi kujisifu kwamba kisomo chake kilikuwa bora.

#18 YangaDamu
Simba wa huko Ruangwa wanaogopa mtu kweli? Mbona timu yao ya Namungo huwa haiwaogopi Simba wa Msimbazi 😂

#19 MjukuuWaLindi
YangaDamu kaa kando kidogo, watu wanazika huku.

#20 Nyuzi10Kusini
DunguLaBibi, simulizi yako ina takwimu nyuma yake. Watafiti walihesabu kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, wengi wao mikoa ya kusini, na Lindi ikiwa katikati. Waligundua mambo mawili. Kwanza, mashambulizi mengi huja msimu wa mavuno, na chanzo ni nguruwe pori: wao ndio wanaomlazimisha mkulima alale shambani, nao ndio wanaomvuta simba. Pili, hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu jua likizama kunakuwa na saa za giza kabla mwezi haujachomoza, na watu bado wako nje.

Kwa hiyo bibi aendelee na Ayatul Kursi, na siku hizo baada ya mwezi mpevu asiwe nje magharibi ikishaingia.

#21 MgangaHapana
Mnaficha. Kila mtu wa Lindi anajua kuna simba wa porini na kuna simba wa kutumwa. Yule anayepita nyumba tano akaingia ya sita kwa mtu mwenye kesi ya shamba, huyo si wa mwezi mpevu.

#22 FundiMashua
MgangaHapana, hapo ndipo imani inaoza. Mtu akiliwa, mtaa mzima unaanza kumtafuta aliyetuma, mwishowe anapigwa kikongwe asiye na hatia kwa sababu ya macho mekundu ya moshi. Simba ana njaa. Kumwogopa jirani kuliko simba ni msiba wa pili juu ya wa kwanza.

#23 MgangaHapana
Sikutaja kikongwe. Nimesema wanaojua wanajua.

#24 Umm_Kilwa
Samahani kaka zangu, mimi nataka turudi kwenye maji na upepo, kwa kuwa uzi mzima mnaongelea Kenneth kana kwamba ndiyo ya mwisho. Mei 2024 Hidaya ilikuja. Iliingia Mafia tarehe 4, ikatangazwa imepoteza nguvu, na watu mitandaoni wakaandika alhamdulillahi, kama 2019. Sisi Kilwa ndipo maji yakaja. Barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, watu wakakwama siku nzima na mabasi, nyumba zikajaa.

Mama mkwe wangu alikataa kutoka. Alisema hajawahi kumkimbia Mungu wake. Mume wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mama sauti maishani mwake, alimbeba mgongoni kama gunia maji yakiwa magotini, mama anasoma Yasin kwa sauti na kumlaani huku na huku. Walipofika shuleni kwenye mwinuko, mama akaswali rakaa mbili za shukrani, akasema Mungu kamletea mtoto mwenye mgongo. Hakuona mgongano wowote kati ya kukataa na kushukuru. Nami nilipomsikia sikuuona.

#25 FundiMashua
Umm_Kilwa, Mungu amhifadhi mama. Kisa chake kinajibiwa na kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Alikuwa njiani kwenda Sham (pande za Syria), akasikia kuna tauni, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubayda, kamanda wake wa huko, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu.

Watu huishia hapo. Mimi huendelea. Abu Ubayda alibaki na watu wake Sham, na tauni ya Amwas ikamwua. Ni katika wale kumi waliobashiriwa pepo. Umar aliyegeuka alisalimika, Abu Ubayda aliyebaki alikufa, na hakuna hata mmoja kati yao anayehesabiwa kwamba hakumwamini Mola wake.

#26 Saa_ya_Msikiti
Hili la Umar ndilo nililokuwa nasubiri. Kwa hiyo tangazo la TMA nalo ni kadari? Ofisi iliyofungwa, gari la matangazo lililopita Shangani na Ligula, yote ni mkono wa Mungu? Kama ndiyo, basi mwenye kusema "walitutisha bure" (KoroshoGhafi nakuona) anamdharau Mungu na siyo mtabiri peke yake.

#27 KoroshoGhafi
Mnanionea sasa. Mimi nasema hivi: wakitangaza mara tatu kisicholeta kitu, mara ya nne watu hawatahama. Hata ukiwaletea Umar mwenyewe na kipaza sauti. Hilo halihusu dini, linahusu binadamu.

#28 Nyuzi10Kusini
Hoja ya #27 ni ya kweli na ndiyo inayowaumiza vichwa watabiri. Lakini mwaka uleule, mwezi mmoja nyuma, Idai iliipiga Beira na watu mamia wakafa. Mtabiri aliyeona Beira mwezi Machi hawezi kunyamaza mwezi Aprili kwa kuogopa kuitwa mwongo.

#29 NjeYaRuvuma
Nimerudi. Nimesoma wote, ahsanteni, hasa Nahodha na Umm_Kilwa. Matendo 12 ya mwalimu nimeikopi kwa binamu zangu walio kanisani.

Mnaoniuliza kwa simu: shangazi yuko hai. Alikaa chini ya meza ya mbao ya marehemu mumewe, kaishika miguu, hadi asubuhi. Anaamini Mungu ndiye aliyemwokoa kupita kiasi cha MwanaChuno. Mimi ninayeuliza maswali nilikuwa nimelala godoroni Mtwara. Sijui nilifanye nini jambo hilo. Majibu yenu yananisaidia kuishi nalo, ila mtu asiseme limejibiwa.

#30 BaharHindi
Wazee wa Mikindani walikuwa na sadaka ya mji: anachinjwa mnyama, watu wanazunguka mitaa wakisoma, maskini wanakula. Siku hizi vijana wanaiita ushirikina. Labda akiba ya sadaka zile ndiyo iliyotukinga 2019.

#31 FundiMashua
Kulisha maskini hakujawahi kuwa ushirikina. Kuamini damu imezunguka mji ikauwekea ukuta, hapo tuzungumze. Ila huo uufungulie uzi wake BaharHindi, nitakuja.

#32 PwezaMkavu
Nahodha_wa_Dau, swali la pembeni: siku hizi mnavaa jaketi okozi? Mdogo wangu ameanza kwenda na mashua za Msimbati na mama hapati usingizi.

#33 Nahodha_wa_Dau
Kwangu kila anayepanda anavaa, asiyetaka anabaki pwani. Anunue lenye filimbi na mistari inayong'aa, asichukue yale ya sponji laini ya sokoni, yakilowa yanazama nawe. Na asiende mashua yenye mashine moja bila tanga la akiba. Mwambie mama jina la chombo anachopanda, nitakuwa namwangalia.